Hakuna Tone Linalopotea

Sitaanza na alikozaliwa Bwana Afya wala ukoo wake, maana waliobaki wa ukoo huo hawapendi kuulizwa habari zake. Nitaanza na karai.

Mtu aliyeingia nyumbani kwake kule Hagsätra, pembeni mwa Stockholm, alipokewa kwanza na karai. Lilikaa ndani ya sinki la jikoni, la plastiki ya bluu iliyofifia, na ole wako ufungue bomba bila kulikinga. Maji ya kuoshea mchele yaliingia humo, ya kunawia mikono humo, ya kusuuzia vikombe humo humo. Likijaa, Bwana Afya alilibeba kwa mikono miwili hadi roshani, akaliinamisha juu ya ndoo aliyoitoboa chini na kuijaza kokoto na mchanga, na maji yakachuruzika kwenye makopo ya mchicha, nyanya na pilipili. Ukicheka, alikutazama juu ya miwani yake.

"Maji machafu ni maji yaliyofanya kazi," alisema. "Mtu aliyefanya kazi humfukuzi. Unampa kazi nyingine."

Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Ujanani, kule Tanga, alikuwa bwana afya hasa, yule wa kupita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo na majalala na kuwatisha watu faini. Baadaye aliletwa Stockholm kusoma, akabaki, akaajiriwa na taasisi moja yenye ofisi Sundbyberg iliyoshughulika na maji taka na takataka za nchi maskini, nchi zetu, yaani. Mimi nilimkuta hapa. Nilikuja kusomea uuguzi, nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, nikapanga Fisksätra. Kumbe kwetu ni mtaa mmoja, Makorora ya Tanga, na nyumba ya mama yangu ni ya tatu kutoka nyumba ya mama yake. Basi akanifanya mtoto wake. Mpaka leo nikisikia mtu mzima akisema "mwanangu" kwa sauti ya puani, nageuka.

Niseme haki yake kwanza, asije mtu akaniambia nina chuki. Wiki yangu ya kwanza mjini alikuja na treni ya Saltsjöbanan, akanivika koti lake la zamani, akanishika mkono mpaka chumba cha taka cha jengo letu. Akanisimamisha mbele ya mapipa kama mwalimu mbele ya ubao. Hapa chupa, hapa makopo, hapa karatasi. Mabaki ya chakula, alisema, yaache kando. Mji bado umelala, lakini iko siku utaamka na kukupa mfuko wake maalumu wa karatasi, na siku hiyo usiniaibishe. Akatumbukiza mkono kwenye pipa la watu wengine, akatoa boksi la maziwa, akalihamishia lilikostahili, kisha akanawa na kunywa chai kwangu bila wasiwasi wowote. Mtoto wangu alipougua homa, Bwana Afya alisafiri kutoka upande wa pili wa mji na chupa ya supu. Miaka baadaye ile mifuko ya karatasi ilipofika kweli, alinipigia simu kunipongeza kana kwamba nimejifungua.

Alikuwa na vituko. Chumba cha kufulia cha jengo lao, wenyewe wanakiita tvättstuga, kilimtia huzuni ya kweli. Alisimama akiangalia maji ya mashine yakienda na bomba, akitikisa kichwa. "Na vyooni," alisema, "hawa wanasukuma mavi kwa maji ya kunywa. Maji ya kunywa, mwanangu! Halafu sisi ndio tunaofundishwa." Hapo nilimpenda, kwa sababu alisema kwa sauti jambo ambalo sote tulikuwa tunalimeza.

Jirani wa chini yake alikuwa mama mmoja Mkongomani wa Uvira, mwenye sauti ya kwaya. Roshani ya Bwana Afya ilivuja juu ya roshani yake. Siku moja nikiwepo, mama yule alipanda ngazi na shuka mkononi.

"Papa, maji yako inaangukia ku manguo yangu. Ni maji ya nini hii? Inanuka kitunguu!"

"Mama, hayo maji yamechujwa. Ni safi kwa udongo."

"Mimi ni udongo?"

Tulicheka wote watatu, mpaka watoto wake wakachungulia na kuuliza kwa Kiswidi kuna nini. Bwana Afya alimpa fungu la mchicha, na yule mama akapika, akasifu. Lakini ndoo haikusogezwa hata shubiri. Kampuni ya nyumba ilimwandikia, akawajibu kwa kurasa za maelezo ya kitaalamu. Alikuwa tayari kumpa mtu mchicha maisha yake yote, si kusogeza ndoo.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake, ingawa sikuujua mapema.

Methali aliyoichukia kuliko zote ni ile isemayo maji yakimwagika hayazoleki. Ukiisema mbele yake umekwisha. "Yanazoleka!" alikuja juu. "Yanazoleka, yanachujwa, yanapandiwa ndizi. Hakuna tone linalopotea." Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa kichwa cha hotuba yake. Kila Agosti mji huu hujaa wataalamu wa maji kutoka dunia nzima, waliokuja mkutanoni, wenye vitambulisho shingoni, na Bwana Afya alikuwa na chumba chake na saa yake ya kuzungumza. Alivaa suti ya kijivu, akasema Kiingereza chake cha kunyoosha, na katikati ya hotuba akaonyesha picha.

Picha yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa, ambaye sisi watoto wa mtaa tulimwita Shangazi. Amesimama katikati ya migomba, amekumbatia mkungu wa ndizi mkubwa kama mtoto, anacheka. Pembeni kabisa unaonekana mguu mmoja wenye ndala. Mguu ule ni wa Bibi, mama yao, amekaa kwenye kigoda na mpiga picha amemkata.

Bustani ile aliijenga Bwana Afya likizo moja, kwa mikono yake. Alibomoa uani kwa mama yake, akajenga bafu na pa kuoshea vyombo, akapiga sakafu ya saruji uani kote mpaka ukutani. Choo alikiacha mbali na shimo lake. Maji ya bafu na ya vyombo yalipita kwenye kikapu cha makumbi ya nazi kilichonasa mafuta, yakaingia pipa la kokoto na mchanga, yakatoka kwa bomba hadi kwenye mtaro uliofukiwa chini ya migomba na matuta ya mchicha nyuma ya nyumba. Haikuhitaji pampu wala umeme. Nilikwenda likizo mwaka uliofuata, nikaona kwa macho yangu: wakati mtaa mzima unanunua maji kwa ndoo, nyuma ya nyumba ile palikuwa kijani. Shangazi, mjane asiye na mtoto, aliuza mchicha asubuhi na ndizi jioni, akamtunza Bibi, hakumwomba mtu kitu. "Mdogo wangu ana akili," aliniambia. "Sema ana mdomo."

Kisha Bibi akafa.

Alikufa wiki ile ile ya mkutano wa Agosti. Bwana Afya alipigiwa simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri Bibi alikuwa kaburini, kama ilivyo desturi. Hata angeruka na ndege dakika ile asingewahi, kwa hilo simlaumu. Alizungumza siku ya pili yake kama ilivyopangwa, akaonyesha picha, akapigiwa makofi.

Sasa, kwetu maiti huoshewa nyumbani kwake. Huchimbwa ufuo, mfereji mfupi ardhini chini ya kitanda cha kuoshea, maji yaingie humo, kisha hufukiwa. Maji yale hayamwagwi ovyo. Lakini nyumba ile ilikuwa na sakafu kila mahali, kazi ya Bwana Afya, imara, haichimbiki. Waosha wakaamua kumwoshea Bibi bafuni. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba katikati ya kazi mwenzao mmoja aliuliza, "Maji haya yanakwenda wapi?" Shangazi, huku machozi yanamtoka, hakufikiri. Akajibu, "Bustanini."

Waliendelea, wakamaliza, wakamvika Bibi sanda.

Bwana Afya aliyejua kila tone linapopita katika nyumba ile, aliyepima mteremko wa bomba kwa kamba na chupa ya maji, alisahau jambo moja tu, kwamba watu watafia humo. Mtoto wa Makorora! Angekuwa Mzungu ningesema hajui. Lakini yeye alikuwa amekaa miaka katika mji ambao maiti huchukuliwa na gari, mlango ukafungwa, na maji yakaishia huko yanakoishia.

Matanga yalipokwisha, Shangazi alipanga mafungu yake kwenye meza kama kawaida. Hakuna aliyemtukana, laiti wangemtukana. "Leo nina kisamvu, dada." "Leo mume wangu kaleta samaki." Wakapita, wakarudi kutoka sokoni na mchicha umefichwa chini ya kanga. Sheikh wa msikiti wetu alisema wazi kwamba udongo unasafisha, hakuna najisi hapo. Wakamwitikia vizuri kabisa, na kesho yake wakaenda sokoni. Si sheria iliyokataa, ni roho. Ndizi ziliiva zikaliwa na ndege. Shangazi akageukia vitumbua, wakauliza maji ya kukorogea ni ya wapi. Mwisho akauza mkaa, kwa kuwa mkaa hauliwi.

Wakati ule tulikuwa tunapiga simu kwa kadi za kukwangua. Nilimpigia Shangazi nikasikia pumzi yake kabla ya sauti.

"Mchicha mimi naula," alisema. "Yule ni mama yangu, nitamwogopa mama yangu? Lakini naula peke yangu, mwanangu, kama mchawi. Mwambie mdogo wangu mambo mawili. Aniruhusu nikate bomba, nichimbe shimo la maji upande wa pili, watu waone limekatwa. Na aje. Ijumaa watu wakitoka msikitini, akae barazani, ale mchicha ule mbele yao. Yeye ni mtaalamu na yeye ni mtoto wa marehemu. Akila yeye, watakula."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe.

"Nimemwambia. Anasema nisiguse kitu, wageni wanakuja kuona. Bustani ameijenga yeye, nitafanyaje? Ukubwa jalala."

Wageni kweli walikuja, karibu kila msimu, watu wa taasisi na wafadhili wao. Walipiga picha, wakala ndizi, wakasifu utamu. Watoto wa mtaa walisimama kwa mbali wakiwaangalia wale wanaokula ndizi za Bibi. Shangazi alivaa kanga mpya, akatabasamu, wakaondoka, akarudi kwenye mkaa wake.

Nilimfuata Bwana Afya ofisini Sundbyberg, tukakaa kwenye chumba chao cha kahawa. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akikunja kikombe cha karatasi.

"Nile mbele ya watu?" alisema. "Mimi ni mtaalamu, si mcheza sarakasi."

"Ni mchicha tu, Bwana Afya. Unakula kila siku kwako."

"Leo nikila ili waamini, kesho watataka ninywe. Ule mtaro una mchanga, una kokoto, una udongo. Yale maji yalikwisha kuwa safi kabla hayajafika mgombani. Huo ni ushirikina, na ushirikina hauondolewi kwa kubembelezwa."

"Basi mruhusu akate bomba."

"Nikikata bomba nimekubali kuwa wana haki."

Na kuhusu maji alikuwa sahihi! Hilo ndilo lililonichoma na linalonichoma. Mimi ni muuguzi, najua kidogo mambo ya vijidudu, sikuweza kumbishia. Alikuwa sahihi kabisa, na dada yake alikuwa anakula peke yake.

Agosti iliyofuata nilichukua ruhusa kazini, nikaenda kumsikiliza kwa mara ya kwanza. Nilikaa nyuma. Picha ikaja, Shangazi akicheka na mkungu wake, na mguu wa Bibi pembeni. Nikafurahi kumwona, kumbe mapema. Baada yake ukaja ukurasa wenye maneno makubwa: vikwazo vya kijamii. Akasema kikwazo si teknolojia, kikwazo ni mitazamo. Akatoa mfano wa mwanamke mmoja mzee katika mji wa pwani, aliyetaka kuvunja mfumo unaofanya kazi kwa sababu ya imani za majirani. Watu wakaandika. Binti mmoja Mkenya aliyekaa karibu nami akasikitika, akaninong'oneza, "Our people, eh? Shida ni elimu."

Nilimngoja kwenye korido.

"Yule si mwanamke mmoja katika mji wa pwani," nikamwambia. "Yule ni dada yako. Amekulea mgongoni."

"Punguza sauti, mwanangu."

"Sipunguzi. Umemweka kwenye picha akicheka, na kwenye ukurasa wa pili umemfanya mjinga."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Kwenye sayansi hakuna dada," alisema, akaenda kunywa kahawa na wafadhili.

Baada ya hapo hatukususiana, maana sisi watu wa ugenini hatuna anasa ya kususiana. Tulionana kwenye harusi na kwenye sikukuu. Aliendelea kuniletea mchicha katika mfuko, na mimi niliendelea kuupika, mtoto wangu akiula na kuniambia kwa Kiswidi kwamba ni mtamu kuliko spinachi ya shuleni. Nilijiambia mboga haina kosa. Alistaafu, ofisi ikamfanyia keki, lakini chumba chake cha Agosti hakumwachia mtu.

Shangazi alikufa mwanzoni mwa kiangazi, moyo. Wakamzika siku ile ile. Tulisoma khitma Hagsätra, mama wa Uvira akaleta sufuria ya sombe, kisamvu chao, ingawa yeye ni wa kanisa, Bwana Afya akapokea mikono ya watu na kusema inna lillahi kwa kila mmoja. Hakuniuliza kitu siku ile.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, aligonga mlango wangu Fisksätra. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia, na mkononi ana mfuko wa mchicha. Nikamwamkia, nikampa pole tena, nikaweka chai. Alizungusha kijiko muda mrefu.

"Mama yako alikuwepo?"

"Alikuwepo. Yeye na wenzake ndio waliomwosha."

"Walimwosha wapi?"

Nilikuwa nalingoja swali hilo tangu mama aliponipigia simu ya msiba. "Kwetu," nikasema. "Uani kwa mama. Kule bado ni udongo. Walichimba ufuo."

"Kwa nini kwenu? Bafu langu lina maji, lina sakafu, lina mlango."

"Alikataa mwenyewe, Bwana Afya. Alimwambia mama tangu zamani: nikifa, msinioshee kwangu. Mdogo wangu haachi tone lipotee. Mimi yangu nataka yapotee."

Nje treni iliingia stesheni na kutoka. Alirudia kuzungusha kijiko, nami sikumwonea huruma, nasema kweli. Nilikuwa nangoja neno moja tu, hata lisilotosha.

"Waliyafukia?" aliuliza.

"Waliyafukia."

"Afadhali," alisema.

Akainuka, akakusanya vikombe kama alivyozoea, hakuwahi kumwachia mwenyeji vyombo. Akaviosha juu ya karai langu. Akalibeba kwa mikono miwili hadi roshani, na roshani yangu haina hata kopo moja la maua, analijua hilo. Alisimama pale na maji yake. Kisha akarudi, akayamwaga kwenye sinki, akayaangalia mpaka bomba lilipogugumia.

Nikasema moyoni, kumbe ameelewa. Nikataka kumwita baba.

Mlangoni, akifunga vifungo vya koti, aliniambia Agosti atazungumza tena, na safari hii wamempa ukumbi mkubwa. Niende, alisema, nitafurahi.

"Picha utaweka ile ile?" nikamuuliza.

"Ipi?"

"Ya Shangazi."

Akafikiri, akitafuta kofia mfukoni. "Ile ndiyo inayoonekana vizuri," alisema. Akaniaga, akashuka ngazi taratibu akishika ukuta.

Nilirudi jikoni. Mchicha wake ulikuwa mezani, umefungwa kwa uzi, majani mapana, hauna hata tundu la mdudu. Nilikuwa nimeula kwa miaka. Niliushika, roho ikakataa. Sikuuosha, sikuufungua uzi. Niliutia kwenye mfuko wa karatasi wa mabaki ya chakula, nikaukunja mdomo vizuri, kama alivyonifundisha mwenyewe.